Nchi ndogo, watu milioni 15: nani anaishi wapi kati ya Mto Yordani na bahari

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nafundisha jiografia sekondari hapa Bukoba. Kila habari za Israeli na Palestina zikitangazwa, wanafunzi wangu hunijia na maswali, na kila nikitafuta takwimu zinanichanganya. Mahali pamoja Israeli ina watu milioni 10, mahali pengine milioni 7. Wapalestina mara ni milioni 5, mara 7, mara 15. Eneo lenyewe lina ukubwa gani, lina watu wangapi hasa, na kwa nini wasichore mstari tu, hawa wakae huku na wale kule? Na je, ni kweli kwamba uzazi ndio utakaoamua mambo mwishowe?"

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Nashukuru kwamba umeuliza swali la ardhi na watu kabla ya kuuliza nani ana haki. Wengi huanzia kwenye haki, wakapigana kwa maneno saa nzima bila kujua Hebroni iko upande gani wa Yerusalemu. Takwimu ulizozitaja karibu zote ni sahihi. Tatizo ni kwamba kila moja imehesabiwa ndani ya mpaka wake, na wanaozitaja hawasemi ni mpaka upi.

Nianze na ukubwa. Wewe uko Kagera, kwa hiyo Rwanda unaijua vizuri: kilomita za mraba 26,338, na sensa yao ya 2022 ilihesabu watu milioni 13.2. Ardhi yote kati ya Mto Yordani na Bahari ya Mediterania, yaani Israeli, Ukingo wa Magharibi na Ukanda wa Gaza kwa pamoja, ni kama kilomita za mraba 27,000, na wanaishi humo watu kama milioni 15. Hayo ndiyo mataifa mawili yanayogombania ardhi inayokaribia ukubwa wa Rwanda moja tu. Darasani, waambie wanafunzi wako wakumbuke hilo kabla ya lolote jingine.

Umbo lake lakini si la Rwanda. Ni nchi ndefu na nyembamba. Kutoka mpaka wa Lebanon hadi Eilat, kule kwenye ncha ya Bahari ya Shamu, ni kama kilomita 420. Kutoka Tel Aviv ufukweni hadi Mto Yordani ni kama 75 tu kwa mstari ulionyooka. Karibu na mji wa Netanya, kutoka baharini hadi mpaka wa Ukingo wa Magharibi ni kama kilomita 15, umbali ambao mtu mwenye miguu mizuri huutembea asubuhi moja. Mwisraeli anayezungumzia hofu ya nchi yake kukatwa katikati anakuwa na ramani hiyo kichwani. Mpalestina anayeishi Tulkarm, upande wa pili wa kilomita hizo 15, huiona bahari kwa macho kutoka kilimani na hawezi kuifikia bila kibali.

Ndani ya upana huo mdogo ardhi imejipanga kwa mistari minne. Wa kwanza ni uwanda wa pwani, tambarare na wenye rutuba, kutoka Gaza kusini hadi Haifa na Akko kaskazini. Wa pili ni uti wa milima unaokwenda kaskazini na kusini: milima ya Galilaya, kisha milima ya Nablus, Ramallah, Yerusalemu, Betlehemu na Hebroni. Yerusalemu iko kwenye kimo cha mita 750 hadi 800 na Hebroni inapita 900. Wa tatu ni bonde la Yordani, ambalo wanafunzi wako watalipenda kwa sababu ni ndugu wa bonde letu. Ule ufa unaopita Turkana, Naivasha, Natron na Manyara unaungana, kupitia Afar nchini Ethiopia na Bahari ya Shamu, na ufa unaotenganisha bamba la Arabia na la Afrika, na huo ndio uliochimba bonde la Yordani. Ziwa la Galilaya liko karibu mita 210 chini ya usawa wa bahari. Ufuo wa Bahari ya Chumvi uko zaidi ya mita 430 chini, na hakuna nchi kavu iliyo chini zaidi duniani. Kutoka Yerusalemu hadi hapo ni kama kilomita 25, na katika umbali huo unateremka zaidi ya mita 1,100. Mstari wa nne kwa kweli ni pembetatu: jangwa la Negev, ambalo Waarabu huliita Naqab, linalochukua karibu nusu ya ardhi yote upande wa kusini.

Mvua inaifuata ramani hiyo. Hunyesha kuanzia Oktoba hadi Aprili, na kiangazi hakidondoki tone. Galilaya ya juu hupata milimita 700 na zaidi kwa mwaka, Yerusalemu kama 550, Beersheba kama 200, Eilat haifiki 40. Kwa hiyo ukisikia kwamba kuna watu 550 kwa kila kilomita ya mraba, jua kuwa wastani huo unaficha jambo: karibu nusu ya nchi ni jangwa lenye watu wachache, na wengi wamebanana kwenye nusu ya kaskazini.

Sasa nakuomba utulie nami hapa kidogo, maana jambo hili wengi hawalioni. Fungua Biblia yoyote yenye ramani nyuma. Wana wa Israeli wa kale walikuwa watu wa milimani: Hebroni, Betlehemu, Shekemu, Shilo, Betheli. Uwanda wa pwani, Gaza, Ashkeloni, Ashdodi, ulikuwa wa Wafilisti. Leo hali imegeuka. Milimani ndiko waliko Wapalestina wengi, na Shekemu ya kale ni Nablus ya leo. Pwani ndiko waliko Wayahudi wengi, na Ashdodi na Ashkeloni ni miji ya Kiisraeli. Gaza peke yake ndiyo iliyobaki ya Wapalestina upande ule wa bahari.

Mgeuko huo una sababu zake, na haukutokea kwa siku moja. Mwishoni mwa utawala wa Waothmani, vijiji vya Waarabu vilikuwa vimejaa milimani kwa karne nyingi. Mashamba yalikuwa ya ngazi kwenye miteremko, mizeituni, zabibu, na kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Huko ardhi haikuwa ikiuzwa kirahisi. Mabondeni na pwani kulikuwa na miji mikubwa ya Waarabu, Yafa yenye machungwa yaliyouzwa hadi Ulaya, Haifa, Ramla, Lydda. Lakini kulikuwa pia na maeneo mapana yenye vinamasi na malaria, mengine yakimilikiwa na matajiri wasioishi huko. Familia ya Sursock ya Beirut, kwa mfano, iliuza mashamba makubwa ya bonde la Jezreel, Marj ibn Amir kwa Kiarabu, kwa mashirika ya Kizayuni, yaani ya Wayahudi waliotaka taifa lao hapo, hasa miaka ya 1920. Wakulima wa Kiarabu waliokuwa wapangaji pale wakaondolewa. Makazi ya Wayahudi yakakua kando ya pwani, yakaingia bonde la Jezreel, yakapanda hadi bonde la juu la Yordani. Milima yakaiacha karibu jinsi ilivyokuwa. Mpango wa kuigawa nchi ulipokuja, mkono wa wachora ramani ulifuata mabonde yale.

Idadi za wakati huo zinajulikana vizuri kwa sababu Waingereza, waliotawala kwa mamlaka ya Shirikisho la Mataifa, walifanya sensa mbili. Ya 1922 ilikuta watu 757,182, kati yao Wayahudi 83,794, Wakristo 73,024, na walio wengi sana Waislamu. Ya 1931 ilikuta watu 1,035,821, na Wayahudi wakiwa karibu 175,000. Kisha Hitler akatwaa madaraka Ujerumani, na waliokimbia wakaongezeka. Mwishoni mwa 1947 nchi ilikuwa na watu wasiopungua milioni 1.9, Wayahudi wakiwa kama theluthi moja, na wakimiliki kama asilimia 7 ya ardhi. (Katikati ya historia hiyo sisi wa Afrika Mashariki tuliguswa kidogo: mwaka 1903 Waingereza waliwapa viongozi wa Kizayuni wazo la makazi katika kile kilichoitwa mpango wa Uganda, ingawa ardhi yenyewe ni Uasin Gishu, karibu na Eldoret ya leo. Mkutano wa Kizayuni wa 1905 ukakataa. Hakuna aliyewauliza Wanandi.)

Hapo swali lako la kuchora mstari linapata jibu lake la kwanza, kwa sababu lilishajaribiwa. Azimio 181 la Umoja wa Mataifa, la tarehe 29 Novemba 1947, lilitenga nchi mbili, na Yerusalemu ikae peke yake chini ya usimamizi wa kimataifa. Waliochora walijitahidi sana. Hata hivyo ndani ya dola ya Kiyahudi waliyoipendekeza mlikuwa na Wayahudi kama 498,000 na Waarabu kama 407,000, bila kuhesabu Mabedui wengi. Dola ya Kiarabu ilikuwa na Waarabu 725,000 na Wayahudi 10,000. Yerusalemu na vitongoji vyake ilikuwa karibu nusu kwa nusu. Wayahudi, theluthi ya watu, walipewa zaidi ya nusu ya nchi, sehemu kubwa ikiwa Negev. Viongozi wa Kiyahudi wakakubali mpango, wa Kiarabu wakakataa, vita vikaanza.

Vita vya 1948 na 1949 ndivyo vilivyotenganisha watu, na kwa gharama ya kutisha. Wapalestina zaidi ya 700,000 walikimbia au walifukuzwa, na vijiji zaidi ya 400 vikabaki bila watu. Israeli ilishika asilimia 78 ya nchi. Mstari wa kusitisha vita uliochorwa 1949 ndio unaoitwa Mstari wa Kijani mpaka leo, na ndio unaotenganisha Israeli na Ukingo wa Magharibi na Gaza katika takwimu nyingi. Ukanda wa Gaza wenyewe ni zao la vita hivyo: wilaya iliyokuwa na watu kama 80,000 ilipokea wakimbizi karibu 200,000 kutoka vijiji vya pwani ya kusini. Watu wa Gaza wanapokwambia wanatoka Yafa au Majdal (Ashkeloni ya leo), ilhali wamezaliwa kambi ya Jabalia, hawadanganyi. Karibu saba kati ya kumi wao ni wakimbizi wa 1948 na vizazi vyao.

Upande wa Israeli nao watu walikuja kwa mafuriko. Kati ya 1948 na mwisho wa 1951 waliingia Wayahudi karibu 690,000, wakaiongeza maradufu idadi ya Wayahudi wa nchi: walionusurika mauaji ya Wanazi Ulaya, kisha jumuiya nzima za Yemeni na Iraki, na baadaye Moroko. Mababu wa Wayahudi hao wa nchi za Kiarabu waliishi Iraki na Yemeni tangu kabla ya Uislamu, nao waliacha nyumba na mali nyuma yao. Baadaye wakaja Wayahudi wa Ethiopia, ambao zaidi ya 14,000 kati yao walisafirishwa kwa ndege ndani ya siku moja na nusu mwezi Mei 1991, na karibu milioni moja kutoka Umoja wa Kisovieti uliovunjika. Kwa hiyo anayemwambia mwanafunzi wako kwamba Waisraeli wote ni "Wazungu" hajawahi kutembea sokoni Beersheba, na anayesema Wapalestina ni wageni waliokuja juzi hajasoma sensa ya 1922.

Mwaka 1967 Israeli iliteka Ukingo wa Magharibi, Yerusalemu Mashariki, Gaza, na Golan ya Syria. Hapo ndipo takwimu zinapoanza kuwachanganya watu, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Israeli hutangaza kwamba ina watu milioni 10. Mwishoni mwa 2024 ofisi yake ya takwimu ilitaja milioni 10.03: Wayahudi pamoja na jamaa zao wasio Wayahudi kama milioni 7.7, Waarabu kama milioni 2.1, na wageni 216,000. Sasa angalia nani wamo ndani. Wamo walowezi wa Kiyahudi wanaoishi Ukingo wa Magharibi, kama nusu milioni. Hawamo majirani zao Wapalestina wa Ukingo huohuo. Wamo Wapalestina wa Yerusalemu Mashariki, zaidi ya 350,000, kwa kuwa Israeli iliutwaa upande ule na kuufanya sehemu ya nchi yake, jambo ambalo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa halikulikubali. Wamo pia watu wa Golan, ambayo haimo kabisa katika zile kilomita za mraba 27,000 nilizokutajia. Yaani hesabu hiyo, ndani ya Ukingo wa Magharibi, inafuata watu na haifuati ardhi. Hakuna ramani unayoweza kuchora yenye wakazi hao milioni 10 bila kuwamo wengine. Takwimu ya milioni 7 uliyoiona ni Wayahudi peke yao.

Ofisi Kuu ya Takwimu ya Palestina nayo inahesabu watu kama milioni 5.5: milioni 3.4 Ukingo wa Magharibi na milioni 2.1 Gaza. Ndani ya milioni 3.4 wamo Wapalestina wa Yerusalemu Mashariki. Umeshaliona tatizo: watu hao wamehesabiwa Ramallah na wamehesabiwa Yerusalemu. Ukijumlisha milioni 10 na milioni 5.5 bila kuwatoa, umewahesabu mara mbili. Ukiwatoa, unapata kama milioni 15. Wayahudi ni milioni 7 na ushei. Wapalestina, ukiwaweka pamoja wa Israeli, Yerusalemu, Ukingo na Gaza, nao ni milioni 7 na ushei. Wanaobaki ni wageni, wafanyakazi kutoka Thailand, India na Ufilipino, waomba hifadhi kutoka Eritrea na Sudan, na wale jamaa wa wahamiaji wasioandikishwa katika dini yoyote.

Kuna Waisraeli waliopinga hesabu hii. Mwaka 2005 kundi moja la watafiti lilidai kwamba takwimu za Wapalestina zimezidishwa kwa zaidi ya milioni moja. Wataalamu wakubwa wa idadi ya watu ndani ya Israeli kwenyewe, akiwemo Sergio DellaPergola wa Chuo Kikuu cha Kiebrania, hawakukubaliana nalo. Na mwezi Machi 2018 afisa wa jeshi la Israeli aliyehusika na utawala wa Ukingo aliiambia kamati ya Bunge, Knesset, kwamba Wapalestina wa Ukingo na Gaza ni kama milioni 5. Binafsi nauchukua usawa huo kuwa ndio hali halisi. Mtu anaweza kubishania laki mbili au tatu huku au kule, lakini haiondoi picha.

Na ile milioni 15 ya Wapalestina? Hao ni wa dunia nzima, wakiwemo wa Jordan, Lebanoni, Syria, nchi za Ghuba, Chile na kwingineko. Wayahudi duniani nao ni kidogo tu zaidi ya milioni 15. Mataifa mawili yenye ukubwa unaokaribiana, kila moja likiwa na karibu nusu ya watu wake kwenye ardhi ileile na nusu nyingine nje. Sijui ugomvi mwingine wa ardhi wenye ulinganifu wa namna hiyo.

Usawa wa idadi lakini si usawa wa hali, na mwalimu wa jiografia lazima aliseme hili waziwazi. Mpalestina wa Nazareti ni raia wa Israeli na hupiga kura kuchagua Bunge. Mpalestina wa Yerusalemu Mashariki ana kibali cha ukaazi wa kudumu, anaweza kupiga kura ya jiji lakini si ya Bunge, na akiishi nje kwa muda mrefu anaweza kukipoteza. Mpalestina wa Nablus yuko chini ya Mamlaka ya Palestina kwa shule na hospitali, na chini ya jeshi la Israeli akitoka nje ya mji. Mlowezi anayeishi mlima wa pili kutoka kwake ni raia kamili mwenye sheria za kiraia. Wa Gaza ana hali yake peke yake. Mtoto aliyezaliwa ndani ya kilomita 30 za mwenzake anaweza kuwa katika dunia tofauti kabisa, kulingana na mstari uliopita wapi mwaka 1949 au 1967.

Turudi kwenye mstari. Kwa nini usichorwe leo? Kwanza, ndani ya Israeli yenyewe Waarabu hawako pembeni. Galilaya na kaskazini nzima wao ni karibu nusu ya wakazi au zaidi, kisha kuna miji inayofuatana kando ya Mstari wa Kijani kama Umm al-Fahm, na Mabedui wa Negev, na miji ya mchanganyiko kama Haifa na Akko. Kuna Wadruzi, jamii ya Waarabu yenye dini yake, ambao wanaume wao wanalitumikia jeshi la Israeli kwa sheria. Wote hao si wa kuhamishwa kwa kalamu.

Pili, Ukingo wa Magharibi. Makubaliano ya Oslo ya 1995, kati ya Israeli na viongozi wa Wapalestina, yaliugawa katika maeneo matatu. Eneo A, miji ya Wapalestina, ni kama asilimia 18. Eneo B, vijiji vingi, ni kama 22. Eneo C, asilimia 60, liko mikononi mwa Israeli moja kwa moja, na humo ndimo yalimo makazi ya walowezi, barabara zao, na karibu bonde zima la Yordani. Ilikusudiwa kuwa ya muda wa miaka mitano. Ukiitazama ramani hiyo, A na B hazishikani. Zimekatwa vipande zaidi ya 160, kila kimoja kimezungukwa na C. Mwaka 1972 walowezi wa Ukingo, ukiacha Yerusalemu, hawakufika elfu kadhaa. Leo ni nusu milioni, na wengine kama 230,000 wako Yerusalemu Mashariki. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika maoni yake ya Julai 2004 na ya Julai 2024, ilisema makazi hayo yamejengwa kinyume cha sheria ya kimataifa. Israeli inapinga. Hata walowezi wengi wanaokaa karibu na Mstari wa Kijani wakiachwa walipo kwa kubadilishana ardhi, kama wapatanishi walivyopendekeza mara kadhaa, bado kuna makumi ya maelfu walio ndani kabisa ya milima, kati ya Nablus na Ramallah, na kila mwaka wanaongezeka.

Tatu, maji, na hili husahauliwa sana. Mvua inayonyesha milima ya Ukingo huzama kwenye mwamba wa chokaa na kutiririka chini ya ardhi kuelekea magharibi, ikatokeza au kuvutwa kwa pampu ndani ya Israeli. Mwenye mlima ana mvua, mwenye uwanda ana kisima. Tangu mtambo wa Ashkeloni wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari ulipoanza kazi 2005, na mingine mikubwa kufuata, shida ya Israeli imepungua sana. Gaza, iliyo pwani ileile, imeendelea kunywa kutoka mwamba uliovutwa maji kupita kiasi hadi bahari ikaingia. Tangu kabla ya vita vilivyoanza 2023 zaidi ya asilimia 95 ya maji yake ya ardhini hayakufaa kunywewa.

Gaza inahitaji maneno yake. Ni kilomita za mraba 365, urefu kama 41, upana kati ya 6 na 12. Israeli iliwaondoa walowezi wake kama 8,000 mwaka 2005, Hamas, chama cha Kipalestina chenye silaha, ikashika madaraka 2007, na mzingiro wa nchi kavu, bahari na anga ukakaza. Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas na wenzake walivamia vijiji vya Israeli vilivyo jirani na mpaka. Watu kama 1,200 waliuawa na 251 wakachukuliwa mateka. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo vijana wawili Watanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Vita vilivyofuata viliua Wapalestina zaidi ya 67,000 kufikia Oktoba 2025 kwa hesabu ya Wizara ya Afya ya Gaza, na tisa kati ya kumi ya waliobaki waliyahama makazi yao, wengi mara nyingi. Mwishoni mwa 2024 ofisi ya takwimu ya Palestina ilisema watu wa Gaza wamepungua kwa kama asilimia 6, kama 100,000 kati yao wakiwa wametoka nje. Usitishaji mapigano wa Oktoba 2025 uliliacha jeshi la Israeli likishika zaidi ya nusu ya Ukanda. Maana yake watu milioni mbili wamebanwa kwenye eneo lisilofika kilomita za mraba 180, sehemu kubwa ikiwa kifusi. Takwimu yoyote ya msongamano wa Gaza iliyoandikwa kabla ya hapo, usiitumie tena darasani.

Umeuliza kuhusu uzazi. Kwa miaka mingi pande zote mbili ziliamini kwamba tumbo la mama wa Kipalestina litashinda. Wengine walilisema kwa tumaini, wengine kwa hofu. Takwimu hazikuwatii. Wanawake Waislamu wa Israeli walizaa kwa wastani watoto zaidi ya tisa katika miaka ya 1960. Leo hawafiki watatu. Ukingo na Gaza walikuwa kwenye sita katikati ya miaka ya 1990, nao wameshuka chini ya wanne. Wanawake wa Kiyahudi wa Israeli wako kwenye watatu, kiwango ambacho hakuna nchi nyingine tajiri inayokikaribia, na kwa jumla wamewapita kidogo Waarabu wa Israeli. Wanaovuta wastani huo juu ni Haredi, Wayahudi wenye kushika dini kwa ukali, ambao mama mmoja huzaa watoto zaidi ya sita. Wameshafika karibu milioni 1.4, na mjadala mkali wa uzazi ndani ya Israeli siku hizi unawahusu wao, hasa kama vijana wao waingie jeshini.

Kinachoweza kubadili hesabu haraka kuliko uzazi ni miguu. Wimbi la kutoka Kisovieti liliongeza watu milioni moja kwa muongo mmoja. Upande wa pili, mwaka 2024 zaidi ya Waisraeli 82,000 waliihama nchi, wakiwazidi kwa mbali waliorudi. Na kwa Wapalestina, kinachowatia hofu sasa si kupungua kwa watoto, ni kuambiwa waondoke. Serikali za Misri na Jordan zimesema hazitawapokea wakisukumwa, kwa sababu wanajua waliotoka 1948 hawajarudi.